MAISHA YA ABULKASIM AL-ZAHRAWI, TABIBU WA ANDALUS, NA KHABARI YA KUIZUIA DAMU MGUU UKATWAPO

Mtu ambaye khabari zake tumekusudia kuzieleza katika karatasi hizi ni Abulkasim Khalaf bin Abbas al-Zahrawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, tabibu wa Andalus aliyefariki yapata mwaka wa 404 wa Hijra, nao ni 1013 wa Masihiya. Jina la Ibn Sina twalisikia sana, na wako walisikiao jina la al-Razi. Lakini jina la huyu ni haba kutajwa katika baraza zetu, na hali ndiye aliyeifanya kazi ya kupasua na kukata, iliyokuwa mikononi mwa vinyozi na wapiga chuku, kuwa ilimu yenye kitabu na milango yake. Hatutayaeleza mambo yake yote, kwani aliandika juu ya meno, na macho, na uzazi, na vijiwe vya kibofu, na mifupa iliyovunjika, na kila mlango wataka kijitabu chake. Tutashika jambo moja, nalo ni damu, na hasa damu imtokayo mtu wakati mguu wake unapokuwa hauna budi kukatwa.

Huenda mtu akadhani kuwa lililo gumu katika kukata mguu ni kule kukata. Nyama hukatika kwa kisu kikali, na mfupa hukatika kwa msumeno kama boriti. Seremala yeyote mwenye moyo mgumu angeuweza. Ugumu uko katika damu. Mtu mzima ana damu yapata lita 5 mwilini mwake. Akipotewa na lita 1 moyo humwenda mbio, na midomo yake hupauka. Akipotewa na lita 2 amekwisha fika ukingoni. Na ndani ya paja umepita mshipa mkubwa upigao, unene wake karibu na kidole kidogo cha mkono, ambao ukikatwa na kuachwa wazi humuua mtu kwa dakika chache. Tusemapo mshipa upigao ni ule utokao moyoni, ambao damu yake ni nyekundu sana na hutoka kwa kuruka. Ama mshipa usiopiga, damu yake ni nzito ya rangi na hutiririka. Basi katika zama za kale wengi waliokatwa miguu walikufa kwa damu kabla hawajafikia kufa kwa kuoza jeraha.

Abulkasim alizaliwa katika mji wa al-Zahra, na kwa mji huo akapata lakabu yake. Mji wenyewe ulianza kujengwa mwaka wa 325, yaani 936, kwa amri ya Khalifa Abdulrahman al-Nasir, magharibi ya Kurtuba, ambao Wazungu huuita Cordoba. Na yasemekana yeye naye alizaliwa karibu na mwaka huo huo, ikawa mtu na mji wake ni marika. Nasaba yake ilirudi kwa Ansari wa Madina. Al-Humaydi, aliyekusanya khabari za maulama wa Andalus, alimtaja kwa maneno machache. Na Ibn Hazm, yule faqihi mkubwa wa Kurtuba, alikisifu kitabu chake. Umri wake aliupitisha katika kutibu na kusomesha, na matunda ya umri huo ni kitabu kiitwacho al-Tasrif, chenye makala 30, alichokimaliza karibu na mwaka 1000. Makala 29 ni za maradhi na dawa. Makala ya thelathini ndiyo ya kazi ya mkono, yaani kuchoma kwa chuma, kupasua, na kuunga mifupa, na ndani yake mna picha za vyombo karibu 200, kila kimoja na umbo lake na kazi yake. Mafundi wa chuma waliweza kuzitazama wakavifua.

Si kwamba waliotangulia hawakujua kuizuia damu. Msomaji anaijua khabari ya siku ya Uhud, katika mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipojeruhiwa usoni: Sayyidna Ali alileta maji katika ngao, na Bibi Fatima akaliosha jeraha, na alipoona kuwa maji yaizidisha damu alichoma kipande cha mkeka, akatia majivu yake juu ya jeraha, damu ikakatika. Na katika vita vya Handaki, mwaka wa 5, Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika mshipa wa mkono, Mtume alimchoma kwa ncha ya chuma ili damu isimame. Na mkono ulipovimba, alimchoma mara ya pili. Hayo mawili, jivu likaushalo na chuma kichomacho, tutayakuta tena katika kitabu cha al-Zahrawi.

Na iliyo karibu zaidi na jambo letu ni khabari ya Urwa bin Zubeir, mmoja katika mafaqihi saba wa Madina, mwana wa Bibi Asmaa binti Abubakar, na Bibi Aisha ni khaloo yake. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, na mguu wake ukashikwa na maradhi ambayo Waarabu huyaita akila, maana yake mlaji, kwa kuwa huila nyama na kupanda juu. Matabibu wakasema ukatwe kabla haujaharibu mwili wote. Wapokezi wasema kuwa alikataa kunywa kitu cha kumlevya, akajishughulisha na dhikri. Nao wakakata nyama kwa kisu na mfupa kwa msumeno, kisha wakakichovya kigutu katika mafuta yaliyochemka ili damu ikatike, na hapo ndipo alipozimia. Akaishi baada ya hayo akisomesha Madina mpaka yapata mwaka wa 94. Wasomao khabari hii hutazama saburi yake, na ni haki yao. Tabibu hutazama yale mafuta. Mafuta yachemkayo huifunga mishipa, lakini huunguza nyama nzima pamoja na mbovu, mahali pote, pavujapo na pasipovuja. Na nyama iliyoungua hufa, na baada ya siku kadha huanguka, na damu yaweza kurudi upya kigaga kiangukapo. Urwa alipona. Wangapi hawakupona, hao hawakuandikwa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kazi hii ilipomfikia al-Zahrawi. Na yeye hakuanza kitabu chake kwa kujisifu. Alianza kwa kusikitika kuwa kazi ya mkono imekufa katika nchi yake, na sababu yake kwa maoni yake ni moja: watu wanakata wasichokijua. Mwenye kushika kisu, kwa fikira yake, hana budi kwanza ajue maumbile ya viungo, mahali ipitapo mishipa ipigayo na isiyopiga, na mahali ipitapo neva. Kisha akaleta khabari alizoziona kwa macho yake. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe katika shingo ya mwanamke, akakata mishipa ipigayo ya shingo, na damu ikamtoka yule mwanamke mpaka akaanguka maiti mbele yake. Mwingine alimtibu kijana aliyevunjika mguu karibu na kisigino, na juu ya mvunjiko pana jeraha. Akaufunga kwa mabanzi na vitambaa kwa nguvu, asiache nafasi ya jeraha kupumua, akakataza usifunguliwe. Mguu ukafura mpaka unyayo. Al-Zahrawi alipoitwa alizifungua zile kamba upesi, maumivu yakapoa, lakini kuoza kumekwisha kuingia, na hakuweza kukuzuia mpaka kijana akafa.

Tazama, msomaji, jinsi khabari hizi mbili zinavyokabiliana. Mwanamke alikufa kwa kuwa damu haikuzuiwa. Kijana alikufa kwa kuwa damu ilizuiwa mno. Mguu usiofikiwa na damu hufa, kama shamba lisilofikiwa na maji. Aliyeweka khabari hizo mbili katika utangulizi wa makala ya thelathini alijua tangu mwanzo kuwa kuzuia damu ni kazi ya mizani, wala haitoshi kukaza tu.

Sasa tuje kwa mambo manne, ambayo ndiyo moyo wa kijitabu hiki. Al-Zahrawi asema kuwa damu ya mshipa mkubwa upigao haisimami ila kwa moja katika mambo manne. La kwanza ni kuchoma kwa chuma cha moto. La pili ni kuukata mshipa ukatike kabisa, ikiwa umekatika nusu. Kwani mshipa uliochanwa ubavuni hukaa wazi na hauwezi kujifunga, na uliokatika pande mbili hujivuta ndani ya nyama, na ncha zake hujikunja na kunywea. La tatu ni kuufunga kwa uzi wenye nguvu. La nne ni kutia juu yake dawa za kukausha damu na kukaza kwa kitambaa. Katika unga wa majeraha wa nne hiyo mlikuwa ubani, na dammu l-akhawaini, na chokaa. Dammu l-akhawaini ni utomvu mwekundu wa mti wa Sokotra, na majahazi yetu yamekipita kisiwa hicho kila msimu. Mabaharia wangapi waliichukua bidhaa hiyo wasijue kuwa yaweza kuishia juu ya kigutu cha mguu katika Andalus!

Katika kuchoma, alieleza jinsi ya kufanya kwa utaratibu ambao mtu angeweza kuufuata usiku kwa taa. Tabibu atie kidole chake cha shahada juu ya mdomo wa mshipa, aubane mpaka damu isimame chini ya kidole, wala asikiondoe. Wakati huo vyuma viwe motoni, vile ambavyo vichwa vyake vina umbo la kokwa ya zaituni, vidogo na vikubwa, navyo ni vingi wala si kimoja, vivuviwe mpaka viwe vyekundu sana. Kisha achague kilicho sawa na jeraha, aondoe kidole kwa haraka, akiweke chuma juu ya mshipa wenyewe, akishike mpaka damu ikatike; na ikiwa damu itatoka akinyanyuapo chuma, cha pili kiwe tayari. Na ajihadhari asichome neva iliyo kando, asimzidishie mgonjwa dhara jingine. Linganisha na yale mafuta ya Sham: mafuta humwagika pote, na chuma hiki hugusa mahali padogo palipochaguliwa kwa kidole. Na kwa mtu asiye na tabibu wala dawa wala moto, aliacha neno pia: aweke kidole juu ya mdomo wa mshipa, abane kwa nguvu, amimine maji ya baridi sana juu ya jeraha, na kidole kisiondoke mpaka damu igande.

Wako katika zama zetu waandikao kuwa al-Zahrawi ndiye wa kwanza duniani kufunga mshipa kwa uzi. Jambo hilo si kweli, na hana haja nalo. Celsus wa Roma na Galen waliutaja uzi kabla yake kwa mamia ya miaka. Sifa yake ni nyingine: aliyakusanya yale yaliyotawanyika, akayapima kwa mkono wake, akayapanga kwa tartibu, ili mwanafunzi ajue la kufanya kwanza na la kufanya likishindikana la kwanza. Mtu anayetokwa na damu hampi tabibu nafasi ya kufunua vitabu.

Na katika mlango wa kukata viungo alieleza kazi yenyewe. Mguu huoza kwa sababu ya ndani au ya nje, na dawa zikishindwa, na weusi ukawa wapanda na moto wake wamuunguza mgonjwa, basi hukatwa: kidole katika kiungo chake, unyayo mzima ukiwa umeshikwa wote, na ukiingia katika muundi hukatwa katika goti. Ukipita goti, asema, hapana hila. Hapo alisimama. Alikuwa na visu na misumeno ya kulikata paja, lakini alijua kuwa kwa njia alizo nazo ule mshipa mkubwa wa paja hautamtii, naye hakutaka mtu afie chini ya mkono wake kwa jambo aliloweza kulijua kabla.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hufungwa utepe chini ya mahali pa kukata, na utepe wa pili juu yake. Msaidizi mmoja huvuta wa chini kwenda chini, na wa pili huvuta wa juu kwenda juu, nyama ikanyoka baina yao. Tabibu hukata nyama baina ya tepe mbili kwa kisu kipana mpaka mfupa uonekane. Kisha huweka kitambaa cha kitani pande zote, ili msumeno usiguse nyama iliyo nzima ukaongeza maumivu na uvimbe, ndipo hupasua mfupa. Na damu ikitoka katikati ya kazi, kazi husimama: huichoma upesi kwa chuma au huitia unga wa kukausha, kisha hurudi penye msumeno mpaka amalize. Baadaye hufunga kwa kitambaa kifaacho na huendelea na dawa. Msomaji ataona kuwa katika maneno haya machache kazi imekatwa kwa ajili ya damu. Wengi katika zama zake na baada yake walikimbilia kumaliza mfupa kwanza, wakidhani kuwa haraka ndiyo dawa.

Khabari ya mtu mmoja aliyemjia ameiandika kwa urefu, nasi twaifupisha. Mtu huyo aliingiwa na weusi katika kidole cha mguu, ukamuunguza kama moto, ukaenea unyayo wote. Hakungoja, aliukata mwenyewe katika kiungo chake, akapona. Ikapita muda mrefu, maradhi yale yale yakamtokea katika kidole cha shahada cha mkono. Ndipo akamwendea al-Zahrawi, naye akamtibu kwa dawa, na maradhi yakazidi yakaushika mkono. Yule mtu akataka akatwe mkono. Al-Zahrawi akakataa, akitumai kuyarudisha maradhi kwa dawa, na akichelea kuwa atakufa wakati wa kukatwa, kwa kuwa nguvu zake zimepungua. Akakata tamaa, akarudi kwao. Na baadaye al-Zahrawi akasikia kuwa aliukata mkono wote kwa nafsi yake, na akapona. Tabibu mwenye kiburi angeificha khabari hii. Yeye aliiandika katika kitabu kisomwacho na wanafunzi wake, ili atakayekutana na maradhi hayo aitumie. Nasi twaona kuwa alikuwa na haki ya kuogopa na haki ya kuandika, zote mbili.

Kitabu kilivuka. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliigeuza makala ya kazi ya mkono kuwa Kilatini katika mji wa Toledo, na Wazungu wakamwita mwenyewe Albucasis. Matabibu wa Italia na Ufaransa waliisoma kwa mamia ya miaka, na mwaka 1497 ilipigwa chapa Venice. Mfaransa Ambroise Paré, tabibu wa majeshi, mwaka 1552 aliacha chuma cha moto katika kukata miguu, akafunga mishipa kwa uzi, yaani akalitoa la tatu katika yale manne akaliweka mbele. Lakini uzi wataka mshipa uonekane, na mshipa hauonekani penye damu nyingi; ndipo mwaka 1718 Jean-Louis Petit, naye Mfaransa, alipotengeneza mkanda wenye parafujo wa kuubana mshipa wa paja kabla ya kukata. Tangu hapo lile goti ambalo al-Zahrawi alisimama mbele yake lilianza kuvukwa kwa matumaini.

Huku kwetu, watu wa pwani walipokwenda bara kwa pembe, mmoja katika mwisho wa njia zao ulikuwa Karagwe, nchi ya Wanyambo magharibi ya ziwa kubwa, ambayo leo ni wilaya mbili za mkoa wa Kagera: Karagwe, na Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012. Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro, na mtawala wa nchi alikuwa Rumanika. Mwezi wa Novemba 1861 walifika huko Waingereza wawili, Speke na Grant, pamoja na wapagazi wao wa pwani. Mguu wa kuume wa Grant ulivimba juu ya goti, ukawa mgumu, ukatunga na kutoa maji kila siku, akalala ndani miezi kadha, hata mwenziwe akamwacha mwezi wa Januari 1862 akaenda Buganda. Wanyambo walimjaribia dawa zao: mavi ya ng'ombe kwa chumvi na matope ya ziwani, kisha mtu mmoja na mkewe wakamchanja chale ndogo, wakasugua ndani yake unga mweusi wa majani yaliyochomwa. Hapakuwa na mtu wa kuukata mguu ule, na paja ndilo lile lile ambalo al-Zahrawi alisema halina hila. Mwezi wa Aprili alichukuliwa kwa machela kufuata njia ya Buganda, na baadaye mguu ukapoa, akatembea mpaka Misri, na akaishi hata mwaka 1892. Baadhi ya matabibu wa siku hizi wadhani kuwa ulikuwa ni ugonjwa wa donda la Buruli, ambao leo hutibiwa kwa dawa za kumeza kwa wiki 8. Ikiwa ndivyo, msumeno ungalimuua bure.

Wala mtu asidhani kuwa nchi zile hazikujua kuizuia damu. Kaskazini ya Karagwe, katika Bunyoro, tabibu Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 mganga wa nchi akimpasua mwanamke tumbo ili kumtoa mtoto. Mganga aliosha mikono yake na tumbo kwa pombe ya ndizi, akapasua kwa haraka, na msaidizi wake akawa anagusa kwa chuma chekundu kila mahali palipovuja damu. Kisha jeraha likafungwa kwa vijiti vya chuma na nyuzi za gome la mti. Hawakusoma al-Tasrif, wala Kurtuba hawakuisikia. Nchi za maziwa zilikuwa nchi za wahunzi hodari, na penye tanuri na mvuo, kuchoma damu kwa chuma huweza kugunduliwa mara nyingi.

Leo mguu wa mtu wa Karagwe au Kyerwa hukatwa kwa sababu nyingine: pikipiki iliyomponda barabarani, au kisukari kilichouozesha unyayo. Kazi hufanywa hospitalini, kama ile ya Nyakahanga, na mgonjwa amelala hajisikii. Lakini aliyesoma kurasa zilizopita atayatambua yote. Mkanda wa kutiwa upepo huzungushwa pajani kuubana mshipa. Mshipa mkubwa upigao na ule usiopiga hufungwa kwa uzi kila mmoja peke yake, na ule mkubwa aghalabu hufungwa mara mbili. Midogo huchomwa kwa ncha ya umeme, nayo ni mtoto wa ile zaituni ya chuma. Kabla ya kushona, mkanda hulegezwa ili ionekane pavujapo, kwani damu iliyofichwa na mkanda huweza kutoka usiku mgonjwa akiwa kitandani. Kwa mwenye kisukari tabibu hujihadhari zaidi, kwa sababu mishipa yake huweza kuwa migumu kama mrija, mkanda usiweze kuibana. Na kwa aliyejeruhiwa iko dawa ya kutia mshipani, asidi ya tranexamiki, iliyovumbuliwa Japani na kujulikana mwaka 1962. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010, wa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kuwa hupunguza vifo ikitolewa mapema, ndani ya masaa 3.

Na kwa aliye mbali na hospitali, mathalani katika vijiji vya Murongo kwenye mto Kagera, agizo la kidole limebaki kama lilivyokuwa: kubana kwa nguvu penyewe patokapo damu, kwa kitambaa safi, bila kuinua kila mara kutazama. Damu ikishinda, hufungwa utepe mpana juu ya jeraha, yapata vidole vinne, wala si juu ya kiungo, ukazwe mpaka damu isimame, na wakati wa kuufunga uandikwe. Kwani ukikaa kupita masaa 2 hatari ya kumpata yule kijana wa mabanzi huanza.

Jambo moja al-Zahrawi hakuwa nalo kabisa: kuirudisha damu iliyokwisha toka. Hilo lilingoja mpaka mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alipobainisha kuwa damu za watu ni za makundi mbali mbali, na lisilopatana humdhuru apewaye. Katika Tanzania kazi ya kuikusanya na kuipima damu iko chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Damu hiyo, ikiwekwa katika baridi, hukaa yapata siku 35 tu, kisha haifai. Kwa hivyo haiwezi kulimbikizwa kama nafaka ghalani, na mwenye kukatwa mguu leo aitegemea damu ya mtu aliyetoa mwezi huu. Tabibu mwenye hadhari hauanzi msumeno mpaka mfuko wa damu ya kundi la mgonjwa uwe chumbani.

Ama mwisho wa Abulkasim, aliishi mpaka akaiona fitina ya Andalus. Yapata mwaka 1010 mji wa al-Zahra ulishambuliwa, ukatekwa nyara na kuchomwa, naye akafariki miaka michache baadaye, umri wake karibu na miaka 77. Mji ulifukiwa na udongo, na mawe yake yakachukuliwa kujengea mahali pengine, mpaka mwaka 1911 Wahispania walipoanza kuufukua. Katika Kurtuba iko njia nyembamba iitwayo kwa jina lake la Kilatini. Maandiko ya Kiarabu ya makala ya thelathini yamehifadhiwa Oxford, na huko huko mwaka 1778 yalipigwa chapa pamoja na Kilatini. Na mwaka 1973 yakatolewa tena London, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na zile picha za misumeno na za vyuma vya zaituni zimo ndani yake.